Tupeane uzoefu: Unaupimaje mchanganyiko laini wa tumbaku ya kiko?

Mleta mada, Kampala

Wadau, salaam. Sisi tuvutao kiko hapa Uganda ni wachache, na nimeona kwamba tukikutana hatubishani sana kuhusu tumbaku kali. Mchanganyiko uliojaa Latakia, jani lile lililofukizwa kwa moshi wa kuni, hujitambulisha tangu mvuto wa kwanza, na mtu huupenda au huuacha hapo hapo. Mchanganyiko laini ndio unaotutenganisha: mmoja husema hauna ladha, mwingine husema umemchoma ulimi, na wote wawili wamechota katika kopo moja.

Nimeletewa kopo na ndugu yangu aliyetoka London. Sehemu kubwa ni Virginia, yaani tumbaku ya mvuke, jani linalokaushwa kwa joto ndani ya nyumba maalumu. Kuna kiasi cha Burley, ambayo ni tumbaku ya hewa, inayokaushwa kwa upepo bila moto, na Cavendish nyeusi kidogo iliyopikwa na kushindiliwa bila kutiwa manukato. Kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa tumbaku iliyotiwa ladha, naomba wale wanaokumbuka makopo ya vanila na cheri wayaweke kando. Hapa tuhukumu jani lenyewe. Maoni yangu ya awali ni kwamba pua iliyoinama juu ya kopo lililofunguliwa sasa hivi haina haki ya kutoa hukumu, na kwamba mchanganyiko laini usisemwe lolote kabla moto haujafika katikati ya kiko. Ninyi mnapimaje?

Mchangiaji, Entebbe

Ndugu mleta mada, anza na unyevu, kwa sababu huku kwetu ziwani ndio unaoharibu hukumu nyingi kuliko kitu kingine chochote. Tumbaku ikiwa na maji mengi, moto hulazimika kwanza kuyachemsha yale maji, na mvuke wake hupita kwenye mrija ukiwa umebeba joto jingi kuliko moshi mkavu. Mvutaji husikia kiko kinagugumia, huona moto unataka kuzimika, basi huvuta kwa nguvu zaidi ili usizimike, joto nalo huzidi; mwisho wake ulimi umebabuka na lawama zote zimeangukia kopo. Virginia ndiyo inayoonewa zaidi katika jambo hili, kwa kuwa ina sukari nyingi na haivumilii haraka.

Mimi huchukua tumbaku kidogo, nikaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha nikaiachia. Ikibaki bonge, haijafaa. Ikivunjika na kuwa unga, imekauka mno na ladha imeondoka nayo. Inayofaa hufunguka polepole, nyuzi moja moja. Isiyofaa kwa unyevu naitandaza juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, kivulini, mbali na jiko, nikiirudia kuibana kila baada ya muda. Jua la moja kwa moja silitumii kamwe, kwani hukausha kingo na kuacha kiini kibichi.

Halafu kuna kujaza. Chini nalegeza, juu nakaza kidogo, na kabla ya kuwasha navuta hewa tupu. Nikiona inapita kwa shida natoa yote na kuanza upya, maana kiko kilichoshindiliwa vibaya hakisahihishwi kwa njiti za kiberiti. Moto wa kwanza ni wa kuunguza uso tu. Tumbaku hujiinua, naibonyeza taratibu, ndipo nawasha moto wa pili ambao ndio wa kuvutia.

Mchangiaji, Gulu

Nakubaliana na mdau wa Entebbe, ila niongeze la chombo. Bibi yangu mzaa mama alivutia kiko cha udongo maisha yake yote, na udongo ukisafishwa haubaki na kumbukumbu ya tumbaku ya jana. Kiko cha mti hubaki nayo. Ukitia mchanganyiko laini katika kiko kilichozoea Latakia, utakuwa unaonja Latakia. Anayetaka kupima kwa haki atumie cha udongo, au cha gunzi la mahindi kisichotumiwa bado.

Mchangiaji, Arua

Nimekulia katika familia iliyolima tumbaku ya mvuke hapa West Nile, kwa hiyo nizungumzie kinachotokea kabla jani halijaingia katika kopo lolote. Jani la Virginia huingizwa banini, yaani katika nyumba ya kukaushia, likiwa bado la kijani. Siku za mwanzo joto huwa la chini, ili jani liwe la manjano taratibu huku wanga wake ukigeuka sukari. Kisha joto hupandishwa hatua kwa hatua mpaka jani likauke, na mwisho mshipa wa katikati nao ukauke. Kazi yote huchukua takribani wiki moja, na kule kukaushwa kwa haraka ndiko kunakoifungia sukari ndani. Wazee walikuwa wakilala nje ya bani wakilinda moto, kwani jani lililopandishiwa joto mapema hubaki na ukijani, na ukijani huo mvutaji huuonja kama ukali wa majani mabichi. (Kuni zilizokwisha katika mabani hayo ni mjadala mwingine, nao ni mchungu.)

Burley huning'inizwa chini ya paa kwa wiki kadhaa, likiendelea kupumua na kuila sukari yake karibu yote. Ndiyo maana haina utamu na huleta ladha ya njugu au ya kakao chungu. Kwa hiyo, Ndugu, ukisema mchanganyiko wako ni laini, niambie: ni laini kwa sababu ya utamu wa Virginia, au kwa sababu Burley imepungua mno?

Mchangiaji, Mbarara

Mimi ni mhudumu wa afya, nami sitawafichia. Ulaini mnaousifu ni wa ulimi peke yake. Hata asiyeuingiza moshi mapafuni hupata nikotini kupitia ngozi ya ndani ya mdomo, na saratani za midomo, mdomo na koo haziulizi kama tumbaku ilikuwa kali au laini. Tena sheria hiyo hiyo ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Onjeni mkijua hivyo.

Mleta mada, Kampala

Nakushukuru, Dada wa Mbarara. Hilo silipingi, na ndiyo sababu sitaandika popote kwamba kilicho laini kina nafuu.

Nimeufanyia mchanganyiko wangu kama mlivyoelekeza: tumbaku imekaa juu ya karatasi alasiri nzima, kiko ni cha gunzi kipya, na kinywa nimekisafisha kwa maji, bila kahawa. Theluthi ya kwanza ina utamu wa nyasi kavu, safi, usiouma hata kidogo. Wale waliosema unachoma ulimi walivuta maji. Katikati Cavendish inauongezea moshi uzito, na ukiupitisha puani taratibu kuna kitu kama ganda la mkate. Kuanzia hapo, Mzee wa Arua, swali lako linajibiwa vibaya: Burley niliyoingoja haifiki. Ladha inafifia moto ukiwa bado mzima, na theluthi ya mwisho ni joto tu, ingawa majivu ni meupe na kiko kimekauka vizuri. Mtengenezaji ameogopa kumkera mvutaji, akaondoa kile ambacho kingeshikilia ladha mpaka chini. Kopo hili nitalimaliza. La pili sitaagiza.