Kuuliza kama sombe (majani ya muhogo) iko na karanga njo imekuwa kosa?? Ule mama munamujua, sisemi jina

MamaMapacha_Kadutu

Benzangu, niko naandika juu ya moto (pikipiki), kama herufi zinaruka ni mashimo ya mutaa wa Essence, haiko miye. Niko natoka sasa hivi kwa ule mama wa malewa, restora kidogo ya mutaani. ULE. Sitaji jina juu sina franka za kulipa avoka wa kunitetea, lakini kama umelala Bukavu hata usiku mumoja unamujua, mwenye marmite zake mutu anaweza kuogelea ndani, mwenye anaangaliaka viatu vyako kwanza njo anajua atakupimia bugali ya namna gani.

Niliingia na mutoto. Mutoto wangu karanga hawezi. Hata unga wake tu, midomo inavimba, macho yanafunga, kifua kinaanza kupiga filimbi, mara ya mwisho tulimukimbiza ku hospitali usiku mpaka motari mwenyewe akaanza kuomba rozari. Kwa hiyo kila fasi naulizaka. Na heshima. Nikasema, mama samahani, hii sombe umetia karanga?

Mama akaweka mwiko chini. AKAWEKA MWIKO CHINI bandugu. Akajishika kiuno, akageukia meza zote, akasema na sauti yenye ilivuka mto Ruzizi, mupaka wa Rwanda, bila pasipoti: "Mumuangalie huyu! Anaomba sombe karte ya elekteri!"

Kusema naomba sombe kitambulisho, karte ya kupigia kura! Malewa nzima ikaanguka na kicheko. Kuna papa mumoja alitoa bugali mu kinywa kwanza ili acheke vizuri, alafu akairudisha. Mutoto wa kuosha sahani alikaa chini juu ya kucheka. Batu bako na madeni pale tangu Pasaka, nabo banacheka, banacheka kwa kumufurahisha.

Nikasema mama si matusi, mutoto ataumwa, sema tu ndiyo ao hapana. Ananijibu asema kama mutoto anaumwakaumwaka peleka ku daktari, hapa tunakulaka. Nikarudilia: ndiyo ao hapana? "Ile ni siri ya nyungu." Siri ya nyungu! Nani alimuomba namna ya kupika? Sitaki kufungua malewa, nataka mutoto apumue.

Na sasa sikieni hii njo inaniua. Nimetoa noti ya dola tano. Mama akaichukua, akaigeuza, akaivuta, akaiinua ku jua, akapitisha kidole ku pembe zote ine, akaniambia hii imepasuka kidogo hapa, nipe ingine. Mupasuko wenyewe hata chungu asingeuona!! Noti yangu ilikaguliwa mpaka mishipa, lakini sombe yake, yenye inaingia mu tumbo ya mutoto, ni siri. Nani hapa aliomba karte ya elekteri?? Nani??

Motari_Bila_Frein

Swali moja tu. Ulikula ao hukukula?

MamaMapacha_Kadutu

Hiyo haiko maneno ya hapa.

Motari_Bila_Frein

ALIKULA 😂😂😂

Nyota ya Panzi

Karte ya elekteri kwa sombe aki ya Mungu nimemwanga chai. Mama ule apewe kiti mu bunge.

MamaMapacha_Kadutu

Nililipa tayari na noti ingine, mulitaka nimuachie? Mutoto alikula ndizi. Na ndiyo, ilikuwa na karanga. Kijiko cha kwanza nikazisikia. Nyingi! Kwa hiyo jibu lilikuwa NDIYO, neno moja, angelisema na mwiko mu mukono, lakini yeye mpaka aweke mwiko chini, mpaka ageukie meza zote.

Yaya Faida

Lakini leki yangu, mudogo wangu, na weye, sombe bila karanga ni majani. Kila mutu anajua inatiwaka. Unauliza maji kama iko na maji?

Bahati_wa_Bruxelles

Hapana yaya, haiko hivyo. Kwa mama yangu sombe ni mawese na ndagala tu, karanga hazikanyagi. Kwa jirani ni karanga. Hauwezi kujua na macho, juu ikishaiva yote ni kijani na mafuta. Huku Ulaya tangu Desemba 2014 restora inakatazwa kunyamaza, kuna vitu 14 lazima waseme kama viko ndani: karanga, samaki, maziwa, mayai, ufuta, na bingine. Na haiko kwa chakula cha kufungwa chenye karatasi ya maandiko tu, hata sahani ya mezani. Uingereza kulikuwa msichana wa miaka 15 alikufa 2016 juu ya mukate wenye ufuta ndani, na karatasi haikusema kitu, baba na mama yake wakapigana mpaka sheria ikabadilishwa 2021, inaitwa kwa jina lake, Natasha. Kwa hiyo mama mapacha ana haki yote. Kuuliza haiko dharau.

Motari_Bila_Frein

Mutu wa Bruxelles amefika. Tufunge mulango tuzime taa.

Papa_Nguba

Bahati mwanangu, hiyo sheria yenu nasikia iliandikwa 2011. Alafu 2013 mukakuta nini mu lasanya? FARASI. Ku karatasi waliandika ng'ombe, na muhuri, na barkodi, na picha ya muchuzi. Kwa hiyo sombe ya kwenu ilikuwa na karte ya elekteri, lakini ilikuwa ya uongo! Mama wetu hapa anakataa kusema, ni kweli, ana kiburi, lakini farasi hajatupatia bado.

Nyota ya Panzi

HAJATUPATIA BADO 💀

Bahati_wa_Bruxelles

Papa, walishitakiwa. Njo tofauti. Mutu alidanganya, akaitwa. Huyu mama nani atamuita?

Papa_Nguba

Weye muite. Ukifika tu na swali la kwanza atakuomba karte yako.

Laborantini

Niko naona bote munakosa maneno yenyewe. Kabla ya karanga, ulizeni ilichemka saa ngapi. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi, tena jani linapitaka hata muhogo wenyewe. Tunalitwanga ili sumu itoke mu jani, alafu inachemka marmite wazi ili iondoke. Mutu mwenye anapika haraka juu makala (mkaa) ni bei, huyo njo wa kuogopa. Na muulize chumvi. Kule kisiwa cha Idjwi zamani goita, ule uvimbe, ilikuwa ku shingo za batu bengi, batafiti ba kituo cha Lwiro baliifuatilia, bakakuta iodi ni kidogo na mihogo inaikamata hata ile kidogo isifanye kazi. Na karanga ikiota ukungu ni maneno ingine kabisa, aflatoksini, Kenya mwaka 2004 ilikuwa mu mahindi, batu 125 balikufa.

Motari_Bila_Frein

Dokta pole, tulikuya kucheka. Oditwari iko mulango wa pili.

Yaya Faida

Sasa nimeogopa kula. Aksanti sana Laborantini, niko na sahani hapa mbele yangu.

Laborantini

Ilichemka saa ngapi?

Yaya Faida

Sijui!! Nimenunua!

MamaMapacha_Kadutu

UNAONA. Unaona yaya. Enda sasa uulize. Enda umuulize uone kama hataweka mwiko chini.

Sabato_Njema

Miye niko Adventisti, hii maisha naijua. Harusi ya juzi, muchuzi mweusi, sione kitu ndani, nikauliza mukubwa wa kugawa, hii samaki ni ya magamba ao ni kambale? Akaniambia, "Hii ni samaki ya Yesu, alizidisha." Watu bote amina amina. Nilikula muchele mukavu mpaka keki. Na ilikuwa kambale, niliona ndevu ku sahani ya jirani. Batu banaona ukiuliza uko unabachukia, ao unaogopa batakuroga. Ku meza ya mutu, swali la chakula linasikika sawa shitaka.

Yaya Faida

Lakini kuna benye banaulizaka kwa kweli juu banaogopa kulogwa, tusidanganyane. Mama ule pengine alifikiri hivyo. Batu bakisikia unauliza "umetia nini," kesho ni maneno ingine mu kartie, malewa inafungwa. Ana bana ba kusomesha.

MamaMapacha_Kadutu

Nilisema KARANGA. Sikusema jino ya mamba.

Mashanza_Safi

Munapoteza wakati na sombe, uliza maziwa. Ule mwenye anapitaka asubui na bidon ya njano, munamujua. Mashanza yake, maziwa ya kuganda, ukiyamwanga yanakimbia. Mashanza yanakimbia!! Nikamuuliza, ndugu, ulitia maji? Akaapa na mama yake. Nikamuambia kunywa mbele yangu. Akaangalia saa.

Nyota ya Panzi

Hiyo ya bidon ya njano nayo anakuyaka hata Panzi?? Mi nilifikiri ng'ombe njo mugonjwa.

Mashanza_Safi

Ng'ombe ni muzima. Robine ya maji njo inakamuliwa.

Papa_Nguba

Sasa muzungumuze sambaza, vile visamaki vidogo. Samaki yenyewe kilo yake haina shida, Babeleji baliitoa Tanganyika mu miaka ya 1950 baitupe mu ziwa letu la Kivu, na leo bila hiyo hatulale na kitu mu tumbo. Shida ni KOPO. Kopo ya kupimia baligonga chini mpaka inaingia ndani. Unaona kopo imejaa na kilima juu, ukimwanga mu sahani ni vidole bili. Niligeuza kopo ya mama mumoja pale sokoni, chini kulikuwa shimo la kuweka yai. Akaniambia, "Papa, kopo ilianguka." Kopo zote za soko ziliangukia upande mumoja?

Motari_Bila_Frein

Zilianguka pamoja, zilikuwa ku harusi ya Sabato 😂

MamaMapacha_Kadutu

Jamani uzi ni wangu. Tunarudi ku karte ya elekteri. Aliniambia mbele ya mutoto wangu, mutoto ananiuliza njiani, mama, sombe inachaguaka prezida?

Sabato_Njema

Mumuambie iko na akili kupita bengine.

Yaya Faida

Papa Nguba, ile ya kopo ni soko ya Nyawera ao ya Kadutu? Juu Kadutu kuna mama mwingine yeye haigonge, anatiaka kartoni chini.

Papa_Nguba

Nyawera. Lakini ya kartoni nimeisikia, kartoni inalowana na inanuka samaki, huwezi kuitambua, lazima uchokoe na ukucha.

Mashanza_Safi

Na bile bya makala hamusemi? Gunia juu ni makala kubwa, katikati vumbi, chini majani ya ndizi. Nilinunua shamba.

Nyota ya Panzi

Miye nilipata jiwe.

Motari_Bila_Frein

Na esansi (petroli) ya ku chupa barabarani, nani ataiuliza karanga? Moto yangu inakohoa tangu Jumatano, peti, kijana fundi wangu, ananiambia ni bujie, plagi ya injini. Nimebadilisha bujie, inakohoa. Nimebadilisha peti, inakohoa.

Laborantini

Chukua kidogo mu chupa nyeupe, acha itulie. Kama kuna maji yatashuka chini, utaona mustari.

Motari_Bila_Frein

Aaa Dokta sasa hapo unasema kitu. Na kama ni mafuta ya taa balichanganya?

Mashanza_Safi

Nusa.

Motari_Bila_Frein

Nimenusa. Yote inanuka esansi, hata mukate wangu. Nani ako na namba ya mutu wa esansi muzuri upande wa Nguba?