Hadithi fupi zilizoshikana: mbona huzuni zake haziniondoki?

Fundi wa Pindo

Asalaam aleikum, ndugu zangu wapenda vitabu.

Mimi ni fundi wa leso, yaani kanga, pale Biashara Street, Mombasa. Cherehani yangu iko kibarazani, mbele ya duka la mtu. Leso huja jozi, vipande viwili havijatenganishwa. Mteja akishachagua, akasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na kuridhika nalo, huniletea mimi nikate katikati na kupinda ncha. Ramadhani ikikaribia, harusi zinapofuatana, kichwa sikiinui. Siku nyingine, kuanzia saa saba hadi alasiri, jua huwa kali na mtaa hupoa, na hapo ndipo ninaposoma. Miaka yote nimesoma riwaya. Nikimaliza moja hukaa nayo moyoni siku mbili tatu, kisha inatoka na mimi naanza nyingine.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea *Miguel Street* cha V.S. Naipaul, kitabu cha mwaka 1959. Kiingereza chake si kigumu, ila usemi wa watu wa Trinidad ulinichukua muda kuuzoea. Ni hadithi fupi, karibu kila moja ya mtu mmoja, na wote ni wa mtaa mmoja mjini Port of Spain. Anayesimulia ni kijana aliyekulia hapo hapo. Ukitaka waweza kusoma moja ukafunga kitabu, nayo imekamilika. Lakini kwa kuwa ni majirani, huyu akipata yake, wale wengine wako nje wanatazama na kusema.

Aliyenishika mimi ni Popo, seremala. Mchana kutwa anagonga na kupiga randa, na kijana akimuuliza anatengeneza nini, hujibu kwamba anatengeneza kitu kisicho na jina. Kabati halitoki, kiti hakitoki. Anayeleta riziki ni mkewe. Siku moja mke anaondoka, na Popo anabadilika. Anakwenda kumrudisha, anapaka nyumba rangi, anajaza vyombo vipya, kumbe vya wizi. Anafungwa. Akitoka jela anakuwa seremala wa kweli: viti vinatoka, makabati yanatoka. Kijana anamuuliza, ni lini utaanza tena kile kitu kisicho na jina? Popo anamfukuza.

Ukurasa huo niliusoma mara tatu, cherehani imesimama, na mteja amesimama pia. Mimi ni fundi, najua mtu anayeshika chombo kwa mapenzi na mtu anayekishika kwa sababu kodi ya nyumba imefika. Popo sasa alikuwa na kazi, ana mke, ana heshima mtaani, na mimi nilikuwa na donge kooni.

Sasa swali langu. Riwaya nilizosoma zina vifo, zina watoto waliopotea, zina vita. Popo hakufa. Hadithi yake ni kurasa chache tu. Mbona zile zimenitoka na hii imekaa? Na mbona nilipofika hadithi ya tano, ya saba, huzuni ya Popo ilikuwa bado inanifuata, ilhali pale panasimuliwa mambo ya mtu mwingine kabisa, tena ya kuchekesha?

Mwalimu wa Kisauni

Waaleikum salaam, Fundi. Nafundisha fasihi sekondari, na swali lako nitalipeleka darasani kesho.

Huku kwetu wengi tumeijua hadithi fupi kupitia diwani za shule, kama *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, ambamo waandishi mbalimbali wamekusanywa pamoja. Kila hadithi unaanza upya: mji mpya, watu wapya, mkono mpya wa mwandishi. Ukimaliza unafuta ubao. Kitabu ulichosoma hakikupi nafasi ya kufuta ubao. Unaingia hadithi ya pili na watu wa ile ya kwanza umo nao.

Lakini mimi naona siri kubwa iko katika mapengo. Mkumbuke Hat, yule mtu mzima ambaye karibu kila hadithi yuko pale na neno lake. Unamzoea kama ukuta wa nyumba. Halafu inafika hadithi yake mwenyewe, naye anafungwa. Kijana anatuambia kwamba Hat alipoingia jela yeye alikuwa na miaka 15, na alipotoka alikuwa na 18. Riwaya ingekupitisha katika miaka hiyo mitatu hatua kwa hatua, ikakuzoesha. Hapa unairuka kwa sentensi moja, na ukitua upande wa pili unakuta kijana ameshakuwa mtu mwingine, anawatazama wale wale aliowapenda kwa jicho la kupima. Hakuna aliyekosa. Miaka imepita tu, na wewe hukuwepo. Ndivyo tunavyowapoteza watu hata katika maisha, Fundi. Hatuoni wanavyobadilika, tunakuta tu wamebadilika.

Ukipenda mwingine wa namna hiyo, tena wa karibu na sisi, tafuta *Uhuru Street* cha M.G. Vassanji, 1991. Ni Dar es Salaam, Wahindi wenye maduka, mtaa uliokuwa ukiitwa Kichwele kisha ukapewa jina la Uhuru. Mna hadithi ya mama mjane anayetakiwa kuamua kama atamwachia mwanawe aende kusoma Marekani. Isome baada ya zile zilizotangulia, usiiruke ukaianza yenyewe. Mpangilio ni nusu ya utamu wa vitabu hivi.

Bint Kibokoni

Mwalimu, kuhusu mapengo nakubaliana nawe. Lakini nyote wawili mnazungumza kana kwamba kushikana kwa hadithi ni kwa ajili ya huzuni. Mimi sioni hivyo.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alitulaza kwa *Alfu Lela Ulela*. Tulikuwa wajukuu sita juu ya kitanda kimoja cha samadari, dirisha wazi, pepo za kusi zinaingia. Kile kisa cha kinyozi alikisimulia kwa siku nyingi, kwa sababu kinyozi ana ndugu sita na kila ndugu ana masaibu yake. Tulijipanga sisi sita, kila mmoja ndugu mmoja. Usiku wa ndugu wangu sikulala kabisa. Kisa kilikuwa ndani ya kisa, nacho ndani ya kisa kingine, na mwisho wa yote tunarudi kwa Shahrazadi, anayesimulia ili mfalme asimuue, kumekucha, hajauawa. Hiyo ndiyo raha niliyoijua mimi: kila hadithi ikiisha, mtu amepata siku moja zaidi ya kuishi.

Hata katika hivi vitabu vya mitaa, mimi hungojea kwa hamu nione nani atapita. Namsoma mwanamke katika hadithi moja, analia jikoni kwake. Hadithi tatu baadaye mtu mwingine kabisa anapita sokoni, anamwona mwanamke huyo huyo akichagua nyanya. Basi, nyanya tu. Mimi nafurahi hadi napiga kofi! Yu hai, anakula. Mwandishi hakunieleza kwamba alipona, na sikuhitaji kuelezwa.

Fundi, huenda Popo anakufuata kwa sababu hujaagana naye. Riwaya huagana nawe rasmi: sura ya mwisho, kila mtu anapangiwa mahali pake. Hapa hakuna kuagana, anaingia tu katika watu.

Abiria wa Likoni

Sitasema mengi, mimi si msomi wa fasihi. Navuka kivuko asubuhi na jioni. Hadithi moja huniishia kusubiri na kuvuka, mara mbili. Kuna mama mmoja mwenye mkoba wa kijani namwona karibu kila asubuhi, husimama upande wa bahari ya nje, hapendi kukaa. Tangu nianze kusoma vitabu hivi nimeanza kujiuliza kule ng'ambo anakwenda kwa nani. Zamani sikumwona kabisa.

Fundi wa Pindo

Nawashukuru wote. Bint Kibokoni, maneno yako ya kutoagana niliyasoma kwa sauti, mwenye duka naye akasikiliza.

Nimerudia mwisho wa kitabu kwa jicho lenu. Yule kijana anaondoka Trinidad kwenda kusoma. Ameshaaga, ameshafika uwanja wa ndege, ndege inachelewa saa kadhaa, anarudi nyumbani kungoja. Anakuta mtaa unaendelea kama kawaida, hakuna alama yoyote kwamba yeye ameondoka. Mara ya kwanza niliona ni ukatili wa mwandishi. Sasa naona ni kitu alichotufanyia sisi kitabu kizima: alimtoa Popo mbele akamweka nyuma, mtaa ukaendelea, na aliyebaki kumjua ni mimi msomaji. Majirani zake kitabuni wanamwona seremala mwenye viti vizuri. Mimi ndiye ninayekumbuka kile kitu kisicho na jina. Ndiyo maana ulikuwa mzito ule mzigo, hapakuwa na wa kunisaidia kuubeba.

Na niwasimulie jambo, kwa sababu Mwalimu amesema mapengo na tangu hapo sijatulia.

Miaka mingi nyuma, siku ya msongamano, uzi mweupe uliniishia. Mama mmoja alikuwa na leso za kumpelekea bintiye wa arusi, kesho yake ndiyo harusi, na hakutaka kungoja. Nikamwomba radhi, nikampindia kwa uzi wa manjano. Mji wa leso, ile sehemu ya katikati, ulikuwa mwekundu, manjano ikaonekana toka mbali. Aliichukua akaenda, uso haukusema kitu.

Mwaka huu, baada ya Idi, mwanamke kijana aliniletea leso imechakaa, laini kama ya kumbebea mtoto, pindo la upande mmoja limefumuka. Jina lilikuwa limefifia, herufi chache tu zimebaki. Nikaigeuza nipate pa kuanzia, nikaona uzi wa manjano. Mkono wangu mwenyewe, nilivyokuwa nikishona wakati ule, mishono mirefu kuliko ya sasa. Alikuja na kipande kimoja. Cha pili sikukiona, wala yule mama sikumuulizia. Sikujua nianzie wapi kuuliza. Hadithi yao nilikuwa nimeishika ncha mbili, katikati yote imenipita.

Nilikuwa na uzi mweupe wa kutosha siku hiyo. Nikautoa, nikaanza kuuingiza kwenye sindano. Akaniwekea mkono juu ya leso.

"Hapana, fundi. Tia manjano, kama ulivyokuwa."