Tupeane uzoefu: Noah, Alphard na Hiace zilizotumika, gharama na uimara wake hapa Visiwani

Mwenye mada, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Natafuta gari la watu wanane litakalochukua wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda Nungwi na Paje, na siku za mapumziko liwe la familia. Bei ya kununulia nimeshaijua, kwani kila dalali huitaja kabla hajaulizwa. Nisichokijua ni gari hilo litakula kiasi gani baada ya mwaka wa pili, na kama litanilaza njiani. Naomba kila mwenye gari aeleze la kwake mwenyewe, si la jirani, na ataje injini, maana Noah mbili zenye sura moja huweza kuwa na tabia mbali mbali kabisa.

Mama wa Kiembesamaki

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nina Alphard ya 2.4, injini ya 2AZ. Kiyoyozi kikiwa wazi mbele na nyuma, hupata kilomita nane kwa lita. Kwa hiyo kwenda Nungwi na kurudi, ambako ni karibu kilomita 120, huondoka na lita 15 za petroli, hapo hujahesabu foleni ya mjini. ZURA, mamlaka ya nishati ya Zanzibar, hutangaza bei mpya za mafuta kila mwezi, kwa hiyo usikubaliane na hoteli nauli ya mwaka mzima.

Injini hii ni ya mnyororo, haina gharama ya mkanda wa taimingi, tofauti na ile ya V6 ya 3.0. Ila inajulikana kwa kula oili, nayo haivuji chini ukaiona: inaungua humo humo, na taa ya dashibodi huwaka wakati imeshapungua mno. Kijana wangu huchomoa kijiti cha oili kila Ijumaa asubuhi kabla gari halijawashwa, na lita moja ya akiba hukaa nyuma ya kiti. Milango ya umeme nayo ni mapambo ya gharama. Waya wake ukikatika, mgeni hushukia mlango wa mbele.

Dereva wa Makunduchi

Mama amesema kweli, lakini kwa hapa kwetu injini si ya kwanza kuangaliwa. Cha kwanza ni uvungu.

Magari haya yametengenezwa kwa nchi yenye baridi, hivyo yana hita ya nyuma, na maji ya rejeta hupelekwa huko kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Pembeni yake yanapita mabomba ya alumini ya gesi ya kiyoyozi cha nyuma. Sisi tunaopita kando ya pwani kila siku, chumvi na mchanga hukaa palepale penye vishikizo vya mabomba hayo, na huko ndiko kutu huanzia. La alumini likitoboka, wageni wa nyuma watalalamikia joto, na fundi atakuuzia gesi mpya kila baada ya wiki chache bila ya kulitazama bomba. La chuma likitoboka ni balaa zaidi, kwa sababu maji humwagika huku gari linakwenda, na mshale wa joto ukishapanda huenda umeshapoteza gasketi. Hita ya nyuma hakuna anayeihitaji Unguja, kwa hiyo langu nilimwambia fundi ayafunge mabomba hayo kule kule kwenye injini, kazi iliyogharimu mipira miwili na vibano vyake.

Ama gari langu ni Hiace ya diseli ya 3.0, injini ya 1KD. Ina nguvu, na hula mafuta kidogo kuliko Alphard. Ugonjwa wake uko kwenye nozeli zinazonyunyiza diseli: vikombe vya shaba vilivyo chini yake vikichoka, moshi wa mwako hupenya juu, masizi huchanganyika na oili, kisha hushuka kuziba chujio la oili ndani ya sampu. Ukifungua kifuniko cha juu ya injini ukakuta kitu cheusi kimeganda mfano wa lami pembezoni mwa nozeli, rudisha ufunguo kwa mwenyewe.

Mpemba wa Mkoani

Mimi nitasema kidogo. Huku Pemba gharama kubwa si spea, bali ni siku za kuingoja. Kitu kisichokuwepo Chake huagizwa Unguja au Dar es Salaam na kuja kwa meli, na siku hizo gari halina nauli. Ndiyo maana nikachukua Hiace ya petroli ya 2.0, injini ya 1TR, ambayo ni ya mnyororo na haina turbo wala nozeli za shinikizo kubwa. Ikipakia watu inapanda vilima kwa taabu kidogo, na breki padi huisha upesi kwa miteremko yetu, lakini hizo padi zinapatikana. Noah za kuanzia 2007 zenye gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ni nzuri. Tatizo ni baadhi ya mafundi kuzitia mafuta ya gia ya kawaida, nazo zina mafuta yake maalumu.

Mwenye mada

Nashukuruni sana. Nimeona Hiace moja ya petroli ambayo uvungu wake umepakwa rangi nyeusi mpya, unang'ara. Kaka wa Makunduchi, hilo ni zuri au baya?

Dereva wa Makunduchi

Inategemea kilichofunikwa. Chukua nyundo ndogo, ugonge mihimili ya chini kuanzia nyuma ya tairi la mbele hadi bampa. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti nzito na rangi hubanduka vipande vipande. Kisha mtake muuzaji karatasi ya mnada ya Japani, inayoeleza hali ya gari. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa; daraja likiandikwa R, gari limeshawahi kupata ajali na kutengenezwa. Zipo zinazotoka Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo zinafika bandari yetu ya Malindi zikiwa zimeshaanza kuoza. Asiyetaka kukuonesha karatasi hiyo, mpunguzie bei kwa kiasi cha kazi ya kuchomelea, au mwachie gari lake.