Kuku wa uani wamepewa majina, baba watoto anataka kuwachinja. Hawa ni mifugo au ni wanafamilia?

Mama Kivule (mleta uzi):
Wanajamvi, salaam. Mods, naomba msiupeleke uzi wangu jukwaa la mapenzi, ingawa ugomvi ni wa ndani ya nyumba.

Tunaishi Kivule na uani tuna nafasi kidogo. Mama mkwe alituletea tetea kutoka Singida, wakaatamia, vifaranga wakakua nao wakaatamia, sasa ua mzima ni kuku. Watoto wamewapa majina karibu wote. Yupo Shangazi, tetea mkongwe. Yupo Konda, ambaye jioni anasimama mlangoni kwa banda kupiga kelele mpaka wenzake wote waingie. Yupo jogoo anaitwa Mjumbe kwa sababu saa kumi alfajiri ameshaamsha nyumba zote kumi.

Mwanzo tulikubaliana kwamba hawa ni wa mayai na kitoweo. Sasa kila nikipakua kuku, mwanangu wa pili anasogeza sahani na kuuliza, "Huyu ni nani?" Nikimwambia ni wa dukani anakula vizuri tu na paja anaomba. Nikinyamaza, anainuka.

Baba watoto amechoka. Anasema pumba ananunua yeye, majina wanatoa watoto, mayai haoni. Juzi Shangazi ameanza kuchechemea, ana uvimbe chini ya unyayo. Mtaalamu tuliyeelekezwa anataka elfu thelathini na bodaboda juu yetu. Mwenzangu akacheka sana: "Kuku wa elfu ishirini nimtibu kwa elfu thelathini?" Mwezi ujao tuna wageni, anataka wakongwe wote waingie kwenye pilau. Watoto wamesikia na nyumba haikaliki. Nifanyeje? Nawasilisha.

Muuza Kuku Shekilango:
Kuku ni kitoweo, dada. Ukianza kumwita Shangazi, kesho utamtafutia na bima ya afya. Hao wakongwe supu yao ndiyo yenyewe, wateja wangu wa kienyeji hawataki vifaranga. Walete nikupe bei.

Binti Kigamboni:
Wewe unatafuta mali tu hapo. Mama Kivule, mtoto anayeuliza "huyu ni nani" ana moyo, usimvunje. Mimi nilikulia na mbuzi wetu, siku moja narudi shule nakuta ngozi imeanikwa ukutani. Hadi leo nyama ya mbuzi siili, na nina watoto wawili.

Muuza Kuku Shekilango:
Pole. Ila chipsi kuku unakula, au uongo?

Binti Kigamboni:
Nakula. Yule sikumjua.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Naona mnabishana mioyo, ngoja nilete hesabu. Kuku mkubwa anakula kama gramu 100 hadi 120 kwa siku. Chukua wakongwe kumi: ni kilo 30 hadi 36 kwa mwezi, hata kama sehemu yake wanajiokotea uani. Tetea wa kienyeji anataga mayai kumi na kitu, anaatamia siku 21, analea, ndipo aanze tena. Kwa hiyo mwaka mzima anakupa mizunguko mitatu, minne akijitahidi, na umri ukienda inapungua. Lakini kuku akitunzwa anaweza kufika miaka mitano, hata minane. Baba watoto hajakosea, analisha wastaafu.

Pale anapokosea ni kudhani kwamba akishaitwa mfugo basi matunzo yanapungua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haijamlinda paka ikamwacha kuku. Kuku mgonjwa anatibiwa, au anachinjwa haraka na vizuri. Kumwacha achechemee mwezi mzima akisubiri wageni, hapana.

Uvimbe huo wa unyayoni kwa kawaida unatokana na sakafu ngumu, au kichanja cha kulalia kilicho juu sana na chenye makali, wanaruka kutoka huko. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, paka iodini, funga kitambaa safi, mweke kwenye maranda makavu. Shusha kichanja na ulainishe fito. Ukiona katikati pana kigaga cheusi na ndani pagumu, huo ni usaha ulioganda, usichokonoe na sindano. Hapo mtaalamu anahitajika. Muulize kwanza afisa mifugo wa kata yako, huenda ikawa nafuu kuliko huyo wa elfu thelathini.

Na chanjo ya kideri je? Tone moja jichoni kila miezi mitatu, kwa wote. Mkongwe mwenye jina asipochanjwa ndiye atakayewamaliza hao wa biashara, na kideri hakina tiba. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, changieni na majirani.

Njiwa Wangu Magomeni:
Mimi nafuga njiwa na hakuna aliyewahi kuniuliza wanaingiza shilingi ngapi. Jioni nakaa nawatazama wakirudi, basi, nimelipwa. Kwa nini kuku lazima aajiriwe?

Ustaadh wa Buguruni:
Nyongeza tu. Mkiamua kuchinja, kisu kiwe kikali, kinolewe mbali na macho ya mnyama, na asichinjwe mbele ya mwenzake. Hayo tumefundishwa kwa kila mnyama, awe na jina au asiwe nalo. Na mtoto asidanganywe. Akigundua kwamba "wa dukani" alikuwa Konda, hatawaamini hata mkimpikia maharage.

Mama Kivule:
Ustaadh, hapo umenigusa. Bwana Mifugo, shukrani sana. Chanjo wamepata, imebaki miezi kama miwili hivi kufikia nyingine. Unyayo nimeangalia, kigaga hakipo. Ila kuna jambo: baba watoto alienda duka la dawa za mifugo, akauziwa dawa ya unga inaitwa OTC (oksitetrasaiklini), anawawekea wote kwenye maji toka juzi. Alisema ni rahisi kuliko daktari.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Hapo sasa! Hiyo ni antibayotiki. Geuza pakiti, soma siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho: nyama zake na mayai zake. Mpaka ziishe hakuna kuchinja, kuuza, wala kula yai la yeyote aliyekunywa maji yale. Wengi wanaruka mstari huo, halafu dawa tunakula sisi na siku tukiugua haifanyi kazi. Aliyeshauri kuwanywesha wote kwa unyayo wa mmoja aliwaingiza hasara. Mpigie afisa mifugo leo, mwambie kiasi na siku, akueleze mnamalizaje.

Mama Kivule:
Nimemsomea mwenzangu pakiti kwa sauti. Kimya. Pilau ya wageni itakuwa ya nyama ya ng'ombe.

Njiwa Wangu Magomeni:
Shangazi ameokolewa na bahili 😂

Mama Mtu Mzima Tabata:
Mwanangu, mimi nilivyofanya kwangu: kuku mwenye jina anafungwa uzi mwekundu mguuni, legelege usimkate. Kila mtoto anachagua mmoja, basi. Huyo haliwi, na mtoto ndiye anayesafisha banda na kubadilisha maji. Waliobaki hakuna kuwapa majina tangu wakiwa vifaranga. Wangu mmoja alichoka kusafisha ndani ya wiki mbili, akaja mwenyewe: "Bibi, huyu sasa anaweza kuliwa." Na wanawe mikono kwa sabuni, wasiwabusu vifaranga, matumbo ya watoto yanaugulia hapo.

Mama Kivule:
Mama, shikamoo. Hili hata baba watoto amelikubali, ila kasema na yeye ana haki ya uzi mmoja. Nikamuuliza atamfunga nani. Konda! Kumbe jioni anasimama dirishani kumtazama akipakia abiria.

Muuza Kuku Shekilango:
Mjumbe je, ana uzi?

Mama Kivule:
Hana. Jirani ameshalalamika kuhusu kelele zake, na wanangu wanamwogopa, anadonoa. Siku za dawa zikiisha njoo umchukue, elfu thelathini. Ila uje na tenga. Ukimning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda kama mnavyofanya, biashara hakuna.

Muuza Kuku Shekilango:
Elfu ishirini na tano, na tenga nakuja nalo.