Mdoli wa Kijerumani: macho yametumbukia kichwani, nifanyeje?

BintiKibosho (Moshi)
Shikamooni wakubwa. Shangazi ameniachia mdoli wa kauri, alipewa zamani na mama wa Kizungu aliyekuwa akimfanyia kazi shambani kwenye kahawa. Kisogoni, chini ya nywele, kuna maandishi: Armand Marseille, Germany, 390, A 4 M. Macho ya kioo yametumbukia ndani, mkono mmoja umeng'oka, kidevu kina doa. Fundi mmoja hapa mjini anataka kumpaka uso mzima rangi ya mafuta. Nimkubalie? Na huyu ni Mfaransa wa mwaka 1390 au vipi?

MamaKauri (Ngarenaro, Arusha)
Marahaba mwanangu. Rangi hapana, nakuomba sana! Wekundu wa mashavu na zile nyusi vilichomwa tanurini vikashikana na kauri, ndiyo maana havijafutika mpaka leo. Huo uso usiong'aa, laini kama wa mtoto aliyepakwa poda, ndiyo thamani yake yote. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta umeuzika.

Ni Mjerumani. Kiwanda cha Armand Marseille kilikuwa Köppelsdorf, karibu na Sonneberg, Thuringia. 390 ni namba ya kalibu, yaani umbo la kutengenezea kichwa, na 4 ni saizi. Kalibu hiyo ilitumika miaka mingi, hadi miaka ya 1930, kwa hiyo namba haikupi umri. Neno Germany linasaidia kidogo: kuanzia 1891 Marekani ilitaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Walitoka wengi sana, usitarajie bei ya kiwanja. Mimi nawapenda hivyo hivyo.

Macho usiyatikise. Nyuma yana kipande cha risasi kinachoyafumba akilazwa, na kikigonga kauri kwa ndani kinaivunja. Jaza karatasi laini kichwani, kisha mlaze kifudifudi. Kurudishia ni kazi ya plasta, na inataka mkono uliozoea. Doa jaribu kwa pamba ya masikio iliyoloa kidogo tu.

DadaSakina
Si umtie tu kwenye beseni la maji ya sabuni? Wa binti yangu nafanya hivyo.

MamaKauri
Wa binti yako ni plastiki, mdogo wangu. Huyu kiwiliwili chake ni unga wa mbao na karatasi vilivyoshikwa kwa gundi. Kikilowa kinavimba, rangi inabanduka vipande vipande. Mkono unarudi kwa lastiki ya mviringo inayopita ndani ya mwili.

BintiKibosho
Asante mama. Nimemulika tochi ndani ya kichwa gizani, naona mstari mfupi shingoni kwa nyuma.

MamaKauri
Huo ni ufa. Usitie supagluu, ikikauka haitoki vizuri. Lastiki pia usiikaze, maana mvuto wake wote unaishia hapo shingoni. Ukija Arusha, kichwa kifunge peke yake kwenye kitambaa, mwili weka mfuko mwingine.