Naomba ushauri: heller 20 ya Tabora, niisafishe au niiache?

Wakuu, habari zenu. Marehemu bibi ameniachia sarafu ya heller 20 (pesa ndogo ya enzi za ukoloni wa Wajerumani) ya mwaka 1916, yenye taji na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Waingereza walipoziba njia ya baharini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waligonga sarafu kwenye karakana ya reli palepale, hadi za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Yangu imeota kutu ya kijani ukingoni, na taji limefifia upande mmoja. Sonara mmoja anataka kuisugua kwa ndimu na majivu. Roho yangu inakataa kabisa. Mliowahi kutunza sarafu kongwe, kutu hii niitoeje bila kufuta alama? Na ya kughushi inatambulikaje? Siiuzi, nataka wanangu waikute.