PCOS: kupunguza wanga, kuukata kabisa, au mitishamba?

Wa_Makorora: Habari zenu. Kwa mwenye PCOS (tatizo la homoni linalovuruga upevukaji wa mayai na hedhi) anayekula vyakula vya hapa Tanga, kipi kinasaidia zaidi: kupunguza wanga, kuukata kabisa, au uwatu na mdalasini? Tuseme ana kilo 84, hedhi inachelewa mpaka miezi miwili.

Lishe_Ngamiani: Dada, aanze na kupunguza. Wengi wenye PCOS mwili wao hauitikii vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari, kwa hiyo kongosho linamwaga nyingi zaidi, na insulini hiyo inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Hapo yai halipevuki. Akishusha asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 hivi, kwa wengi hedhi huanza kujipanga.

Sahani yake iwe nusu mchicha, kisamvu au bamia, robo vibua, dagaa au maharage, na robo ya mwisho ugali wa kadiri ya ngumi yake. Ale mboga na kitoweo kwanza, ugali mwishoni, sukari hupanda polepole. Dona ni bora kuliko sembe, ila dona ya kujaza sahani haimsaidii. Asagishe ya wiki mbili tu, maana inachacha upesi, na mahindi yawe makavu yasiyo na ukungu. Bada, ugali wa muhogo, karibu yote ni wanga, isiwe ya kila siku. Chai nayo isisahaulike: vijiko 3 vya sukari mara 3 kwa siku ni karibu gramu 40. Machungwa ya Muheza ale mazima, juisi aache.

Bi_Chumbageni: Kuukata kabisa kunashusha kilo haraka wiki za mwanzo, lakini nyingi ni maji. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 haukupata lishe moja iliyozishinda nyingine. Inayofaa ni ile atakayoiweza mwaka mzima. Akikata wanga wote atakosa mbaazi, na mbaazi zina protini na nyuzinyuzi. Kinachoziharibu ni tui zito na mahamri yanayofuatana nazo. Apikie tui la pili.

Viungo_Muheza: Mitishamba iwe nyongeza tu, ushahidi wake ni mdogo. Mdalasini nusu kijiko cha chai kwa siku. Achague gome jembamba lililojikunja tabaka nyingi. Lile nene gumu la tabaka moja lina kumarini nyingi, inayoumiza ini. Nanaa vikombe 2 kwa siku ilishusha testosteroni katika jaribio dogo la siku 30, lakini vipimo havikuonyesha nywele za kidevuni kupungua. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo asichanganye na dawa za kisukari bila kumwambia daktari, na mjamzito asitumie.

Lishe_Ngamiani: Naongeza hili, dada, na ni muhimu kuliko yote hapo juu. Siku 90 zikipita bila hedhi asisubiri chakula kifanye kazi. Ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa, na ikiendelea hivyo miaka mingi hatari ya saratani inaongezeka. Aende hospitali ya Bombo au kituo cha karibu, apimwe mimba kwanza, kisha homoni za tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa), kwa sababu hitilafu zake hufanana na PCOS. Tena yai hupevuka kabla hedhi haijarudi, kwa hiyo kama hataki mimba atumie kinga tangu sasa.